Gladness na Mkongojo wa Bibi

Wewe unayesoma, ukiambiwa uchague kati ya kuonekana mgonjwa na kuonekana mwongo, ungechagua nini? Usijibu haraka. Gladness wa mtaa wa Mabatini alijibu haraka, akiwa na miaka kumi na miwili, na jibu lake lilimtoa jasho safari nzima.

Asubuhi za Gladness zilifanana. Bibi yake, Ng'washi, alichemsha maji, akayapoza kwenye sufuria yenye kifuniko kilichobonyea, kisha akayamimina kwenye kidumu kidogo kilichokuwa cha mafuta ya kula. Alimwambia mjukuu wake kwamba kidumu hicho kirudi kitupu. Halafu alimpa kidonge chake na kumvalisha sweta ya kijani, ambayo mama yake Gladness aliichambua kwenye marobota ya mitumba aliyokuwa akiuza.

Gladness alizaliwa na ugonjwa wa damu unaoitwa sikoseli. Ukimtazama, huoni kitu. Miguu miwili mizima, macho maangavu, kicheko cha kusikika hadi nyumba ya tatu. Lakini akipigwa na baridi, akichoka sana au akikosa maji, mifupa ilimuuma kama inayosagwa. Shuleni hakuna aliyejua. Alipokosa kuja, alisema ni malaria.

Mwaka huo, 1994, kwaya ya shule ilialikwa kuimba kwenye sherehe ya shule moja ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Gladness ndiye aliyeanzisha nyimbo, wenzake wakipokea. Aliitamani safari hiyo mpaka akaota anaimba. Lakini kulikuwa na jambo lililomtisha. Mwaka uliotangulia kwaya ilipokwenda Sengerema, mwenzao Kashindye alimwambia Mwalimu Prudencia, pale pale kwenye kivuko, kwamba ana pumu na kifua kimeanza kumbana. Mwalimu alimrudisha nyumbani. Kivuko kikaondoka kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, Kashindye amesimama ufukweni na sare yake.

"Bibi, usimwambie mwalimu," Gladness aliomba. "Niahidi."

Bibi Ng'washi hakuipenda ahadi ile, lakini alimpenda mjukuu wake. Akaahidi kwa sharti kwamba naye atapanda meli ile ile. Mdogo wake aliishi Nansio, na hawakuwa wameonana tangu magoti ya Bibi yalipoanza kuvimba. Siku hizo hakutembea bila mkongojo wake wa mti wa mkwaju, uliong'aa kichwani kwa kushikwashikwa.

Miaka hiyo meli za watu binafsi zilikuwa zimeanza kushindania abiria, na hii waliyopanda ilikuwa na chumba chini, chenye mabenchi ya mito, kwa ajili ya wazee, wajawazito na wagonjwa. Karani wa meli, bwana mmoja mpole aitwaye Yakobo, alisimama mlangoni akipanga watu. Kazi yake aliifanya kwa macho. Aliangalia miguu yako, akaangalia tumbo lako, akajua pa kukupeleka.

"Shikamoo mama, karibu ndani, polepole," alimwambia Bibi Ng'washi. Alipomwona Gladness nyuma yake, alicheka. "Wewe binti, miguu hiyo ni ya kupanda ngazi. Wenzako wako juu."

Bibi alifungua mdomo. Gladness akamfinya mkono. Bibi akaufunga.

Juu, kwenye sitaha, upepo wa ziwa haukuwa wa mchezo. Kwaya ilifanya mazoezi imesimama, maana kwaya ya kwetu haiimbi kama nguzo. Inayumba kushoto, inayumba kulia, inapiga hatua. Winnie, rafiki yake Gladness, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alimtazama na sweta yake akauliza kama wanakwenda Ukerewe au wanakwenda kupanda mlima. Wenzake wakacheka. Gladness naye akacheka, akaivua. Maji pia hakuyanywa, kwa sababu choo kilikuwa chini, na kushuka mara tatu kungeleta maswali.

Baada ya saa moja na nusu, mapaja yalianza kumuuma. Alikuwa anayajua maumivu hayo kama anavyojua hodi ya jirani. Akaomba ruhusa, akashuka.

Bibi alikuwa amesinzia kwenye benchi karibu na mlango, mkongojo umeegemea ukutani. Gladness alisimama hapo, Yakobo akiwa amewapa mgongo. Angeweza kumwambia Yakobo ukweli kwa maneno mawili. Lakini ukweli ungepanda ngazi hadi kwa mwalimu, na siku ya sherehe angekaa Nansio akiwasikiliza wenzake kwa mbali. Mkono wake ukauchukua mkongojo. Akarudi nyuma kidogo, kisha akaja tena akichechemea.

"Nimeteguka kwenye ngazi," alimwambia Yakobo.

Hebu fikiria, mtoto mgonjwa kweli, anajitungia ugonjwa mwingine ili aufiche ule alionao. Yakobo hakuuliza mara mbili. Benchi zilikuwa zimejaa, basi akampa kiti chake mwenyewe, akachana kitambaa, akamfunga kifundo cha mguu vizuri kama nesi. Gladness alikaa kwenye joto la chumba, akanywa maji, akajiambia kwamba hajamdhuru mtu.

Ndipo Bibi akaamka. Alitaka kwenda chooni. Akapapasa ukutani, akapapasa chini ya benchi. "Mkongojo wangu uko wapi?" akauliza, huku ameshajiinua nusu. Meli ikayumba, magoti yakakataa.

Gladness hakufikiri. Aliruka kutoka kwenye kiti, hatua nne za mbio, akamdaka Bibi kiunoni kabla hajaanguka. Chumba kizima kiliziona zile mbio. Winnie, aliyekuwa ametumwa kumwita, naye aliziona kutoka mlangoni.

"Mguu umepona haraka," Winnie alisema, na watu wakacheka.

Yakobo hakucheka. Aliuokota mkongojo, akampa Bibi. "Nimekupa kiti changu, binti," alimwambia Gladness taratibu. "Na huyu mama angevunjika." Akamwomba arudi juu.

Gladness alizipanda ngazi tatu tu. Kwenye ya nne maumivu yalikuja yote kwa pamoja, miguuni na mgongoni, akakaa na kushika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Winnie alimwambia aache maigizo, karani ameshamjua. Abiria mmoja akamruka akapita. Gladness alitaka kupiga kelele, lakini nani angemwamini? Huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe: kiti alichokihitaji alikuwa amekipata kwa uongo, na sasa ukweli ulikuwa umekosa pa kukaa.

Winnie alikuwa na maneno mengi lakini hakuwa na roho mbaya. Aliinama kumvuta mkono, akakuta umeloa jasho, umeng'ang'ania chuma. Kisha akaketi kwenye ngazi kando yake.

"Glady, kuna nini?"

"Nina sikoseli," Gladness alisema. "Tangu kuzaliwa. Mguu sikuteguka. Lakini naumwa kweli."

Winnie alishuka mbio kwa Bibi, kisha akapanda kumwita mwalimu. Bibi alipoambiwa, aliwaeleza Yakobo na Mwalimu Prudencia la kufanya bila kupoteza neno: blanketi, maji mengi, dawa ya maumivu iliyo kwenye kikapu chake, na asiachwe kwenye upepo. Yakobo alimbeba Gladness hadi kwenye kile kile kiti, akamfunika kwa koti lake zito la kazi. Winnie alishika kidumu, kila baada ya muda akimkumbusha anywe, kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo.

Nansio walimpeleka hospitali moja kwa moja. Mganga alimpima, akamwongezea maji na dawa, akasema amewahiwa. Hadi jioni maumivu yalikuwa yametulia. Kesho yake, siku ya sherehe, Gladness alikuwa amekaa uani kwa mdogo wake Bibi. Yakobo alikuja kumjulia hali kabla ya meli kurudi, na Gladness akamwomba msamaha, akamwomba na Bibi.

"Umedanganya, na nimekusamehe," Yakobo alisema. "Lakini mimi nawe tumekosea sote. Mimi napanga watu kwa kuangalia miguu, kumbe ugonjwa mwingine hauna mkongojo. Leo nitasimama mlangoni niulize."

Mwalimu Prudencia naye alikuwa hapo uani, akisikiliza. Alivuta kigoda akakaa mbele ya Gladness.

"Unajua kwa nini nilimrudisha Kashindye? Aliniambia wakati nanga inapandishwa. Sikuwa na dawa yake, sikujua nimfanyie nini, nikaogopa. Angeniambia wiki moja kabla, angefika Sengerema. Ukinificha ugonjwa, mwanangu, unaninyima nafasi ya kukusaidia. Mwenye shida halazimiki kumtangazia kila mtu, lakini anayemwangalia lazima ajue. Na mimi nimejifunza niulize mapema, na nisikimbilie kumwacha mtu."

Bibi Ng'washi aliongeza kwamba hata yeye hataahidi tena ahadi ya namna ile.

Kwa mbali ngoma ya sherehe ilikuwa imeanza kujaribiwa. Wanakwaya walikuwa wakijipanga barabarani, na Winnie alichungulia getini akiwa ameikunja sweta ya kijani kwapani, tayari kwa lolote litakaloamuliwa.

"Haya, Gladness," mwalimu alisema. "Sitaki kukisia tena. Wewe unataka nini?"

Gladness alimtazama Bibi, akautazama na mkongojo uliolala miguuni pake. Safari hii hakumfinya mtu mkono.

"Nataka kuimba, mwalimu," alisema. "Lakini nataka kuimba nimekaa, na sweta yangu nimevaa."