Kizuizi cha Mwalimu Nikolao

"Mimba hii ni ya nani, Ida?"

Mwalimu Nikolao aliuliza kwa sauti ya chini nyuma ya kanisa la misheni, Newala, waumini wakiwa bado wanatawanyika. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limesomwa mara ya pili, bado moja tu. Lakini mwaka ule wa 1957 foleni ya maji bombani haikuwa na habari nyingine: mchumba wa mwalimu kakaa Masasi miezi minne, eti hospitali, karudi amefura uso, tumbo na miguu.

Ida hakukasirika. Aliinua khanga kidogo, akabonyeza mguu wake kwa kidole. Kishimo kikabaki palepale.

"Mimba haifanyi hivi, Mwalimu. Ni figo."

"Na hilo baka la mashavuni?"

"Ugonjwa ni huohuo mmoja. Wanauita lupasi. Mwili unajipiga wenyewe."

Nikolao alikuwa mwalimu wa hesabu, na jambo lisilojumlika lilimnyima usingizi. Kesho yake alidandia lori la mihogo hadi Masasi. Mlangoni mwa hospitali alimkuta Mahmudu, dresa wa kufunga vidonda waliyejuana tangu utoto, naye akamwambia kwamba sindano za Ida ni zilezile anazochomwa mgonjwa wa saratani. Nikolao akaketi kwenye ngazi.

Mama Daktari, Mzungu wa misheni, alimwita ndani akamweleza polepole. Uso umevimbishwa na vidonge. Miguu imevimbishwa na figo. Saratani hana, ila dawa ya saratani ndiyo inayoutuliza mwili usiendelee kuziharibu figo.

"Kwa hiyo saratani haitampata?"

"Sijui. Wapo wanaosema sindano hiyo yenyewe huenda ikaileta, miaka mingi mbele."

"Dawa ya saratani ilete saratani?"

"Huenda. Na huenda ikamfunga kizazi. Lakini akiiacha sasa, figo zitamuua kabla ya masika."

Nikolao alishika kichwa. Akauliza amwambieje Ida habari kama hizo.

"Anazijua zote," alisema Mama Daktari. "Nilimwambia kabla ya sindano ya kwanza."

Njia nzima ya kurudi alikuwa hajielewi. Alimhurumia Ida, alimchukia, alimtamani, yote kwa pamoja. Miezi yote ile alikuwa akimwandikia juu ya majina ya watoto, na yeye anajibu.

Jumamosi akaletewa barua.

"Mwalimu, nimesikia ulikwenda kuuliza. Nilikuficha kwa kuogopa kukukosa, na hilo si udhuru. Mjomba Barnaba anataka niache sindano nizae kwanza, maana kwetu watoto ni wa ukoo wa mama na binti ni mimi peke yangu. Nimekubali. Usimwambie mtu. Ida."

Aliisoma mpaka karatasi ikalegea mkononi.

Jumapili, Padri Dunstan alisoma tangazo la tatu, akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Aliuliza kama kawaida, huku tayari anafunua ukurasa mwingine.

"Ninacho mimi, Padri."

Kanisa zima liligeuka. Aliyesimama alikuwa bwana harusi mwenyewe. Ida aliinamisha kichwa, na kina mama wa bombani wakatazamana.

"Unaikataa ndoa yako, Mwalimu?"

"Siikatai. Nakataa sharti lake. Ida ana ugonjwa wa figo, hana mimba. Ameambiwa aache dawa ili azae. Nikimwoa hivyo, nimemuua." Akamgeukia mzee aliyekaa safu ya mbele. "Shikamoo, Mjomba Barnaba. Naomba uniruhusu nimwoe mwanamke ambaye huenda asizae."

"Marahaba." Mzee Barnaba alinyanyuka taratibu. "Na ukoo wangu je?"

"Siwezi kukuahidi mtoto, mjomba. Hata ugonjwa wenyewe mpaka leo sijauelewa. Huenda dawa nayo ikamdhuru. Ninachojua ni kwamba bila dawa hafiki masika."

Barnaba hakuwa ameambiwa habari ya masika. Ilionekana usoni. Alimtazama mpwa wake, ambaye sasa alikuwa analia waziwazi mbele ya watu.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, mjomba. Niliona aibu kukunyima wajukuu."

Mzee alimgeukia Nikolao.

"Dada yangu aliniachia huyu mmoja," alisema. "Achomwe sindano."

"Basi kizuizi kimeondoka?" aliuliza Padri.

"Kimeondoka," alijibu Barnaba, akakaa, akafunika uso kwa mikono yote miwili.