Paskazia na Mashine ya Kukatia Nyasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Paskazia alikuwa na kazi tatu: kufagia mbele ya nyumba, kuwafungulia kuku, na kumsindikiza bibi yake chooni. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Choo kilikuwa hatua arobaini kutoka nyumbani, na mvua za masika zilikuwa zimezipandisha nyasi pande zote mbili za njia mpaka zikafika mabegani. Paskazia alitangulia akizipiga kwa fimbo. Bibi Wilhelmina, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, alifuata nyuma ameshika bega la mjukuu wake.

"Piga vizuri, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Mimi simwoni nyoka hata akinisalimia."

Walikaa Lipangalala, kwenye eneo la ekari mbili ambalo marehemu babu alilinunua wakati nyumba za huko zilikuwa za kuhesabika. Juu kulikuwa na nyumba, jiko na michungwa. Katikati kulikuwa na safu ya michikichi, na kuanzia hapo ardhi ilishuka kuelekea mtaro mkubwa wa maji. Baba yake Paskazia alifanya kazi kiwanda cha sukari na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama yake, Stefania, alinunua mchele Mchombe na kuuza Ifakara mjini. Wa kufyeka hakuwepo. Vijana wa kibarua walikuwa mashambani wanapalilia mpunga, na hata walipopatikana, kabla hawajamaliza kona ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imeshaota tena.

Siku nyoka alipoingia bandani na kuua kuku wawili, Mama Stefania alisema sasa basi. Alikuwa na akiba yake ya misimu miwili. Angenunua mashine ya kukatia nyasi, ile ambayo mtu anatembea nyuma yake ameshika mpini.

Alikwenda dukani kwa Nassib, muuzaji wa mashine za kilimo karibu na soko. Alidhani angerudi na mashine siku hiyohiyo. Badala yake alirudi na maswali.

"Amekataa kuniuzia," Mama alisema jioni, huku akicheka. "Anasema mashine haichaguliwi kwa rangi. Anataka kujua eneo letu lina ukubwa gani, wapi ni tambarare na wapi kuna mteremko, wapi ni pakavu na wapi kuna tope. Halafu anataka kujua kilichojificha ndani ya nyasi: mawe, visiki, vyuma, mashimo. Paska, wewe upo darasa la saba na hesabu unaziweza. Jumamosi mimi nitakuwa Mchombe. Vaa viatu vya mvua, chukua fimbo na kamba, uzunguke eneo lote. Uandike kila ulichokiona."

Paskazia alifurahi. Hakuwahi kupewa kazi kubwa namna hiyo.

Jumamosi alianza mapema. Alipima kamba ya mita kumi, akafunga fundo kila mita moja, akaanzia mlangoni. Aliandika kwa mwandiko mzuri: *Mbele ya nyumba, tambarare, pakavu. Karibu na jiko, mawe matatu ya mafiga ya zamani. Chini ya mchungwa wa pili, kipande cha nondo.* Nondo ile aliigundua kwa ncha ya fimbo, akajisifu moyoni.

Saa nne alifika kwenye michikichi. Mbele yake nyasi zilisimama kumzidi kimo, zimelowa umande, na hakukuwa na njia. Ndipo aliposikia kengele ya baiskeli barabarani.

"Paska! Bado tu?" Alikuwa Omega, rafiki yake na mfungaji wa timu yao ya netiboli. "Timu ya Viwanja Sitini tunayocheza nayo imeshafika. Mwalimu anasema asiyekuwepo kwenye kupasha mwili, hachezi."

"Nimebakiza huku chini."

"Huko chini kuna nini zaidi ya nyasi? Andika nyasi, twende."

Paskazia alitazama bonde lile la kijani. Lilionekana sawasawa, kama mkeka. Alikalia gogo, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika haraka: *Chini ya michikichi hadi mtaroni, tambarare, pakavu. Hakuna visiki. Hakuna mawe.* Kisha akapanda nyuma ya baiskeli ya Omega. Walishinda mabao kumi na nane kwa kumi na moja, na ile karatasi ikamtoka kabisa akilini.

Ilimrudia Jumatatu, alipokuwa amesimama dukani kando ya mama yake.

"Shikamoo," alimsalimia Nassib.

"Marahaba, binti. Karibuni." Nassib aliipokea karatasi, akavaa miwani na kuisoma mstari kwa mstari. "Mpaka nondo! Kazi nzuri hii. Haya, mama, njoo uone."

Alikuwa na mashine za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kusukumwa kwa nguvu za mtu. "Hii ni ya bustani ndogo," alisema. "Kwa ekari mbili, utaomba ukapumzike kabla hujafika kwenye michungwa." Ya pili ilijivuta yenyewe, mtu aliiongoza tu. Ya tatu nayo ilijivuta, ila ilikuwa nzito, ina kisu kinene na magurudumu makubwa nyuma, yenye meno kama ya trekta. "Hii ni ya sehemu za tope na nyasi ngumu. Bei yake imesimama. Lakini kwa maelezo haya, mama, kwako hakuna tope. Chukua ya kati. Kwa nini ulipie nguvu ambayo hutaitumia?"

Mama Stefania alitabasamu. Bei ya ile ya kati ilimwachia hela ya petroli ya miezi kadhaa.

Nassib alimgeukia Paskazia. "Binti, huku chini kote ulifika?"

Paskazia aliitazama ile karatasi mkononi mwa Nassib. Mama yake alikuwa anamtazama kwa fahari, na angewezaje kuivunja mbele ya watu?

"Nilifika," alisema.

"Basi tumemaliza. Jumatano fundi wangu Deus ataileta na kuijaribu mbele yenu. Lakini mama, tuelewane. Ikiwa na kasoro ya kiwandani, nitaibadilisha. Ikigonga kisiki ikapinda, hiyo imeshakuwa yako."

"Visiki hakuna," Mama alijibu. "Mwanangu amekagua."

Usiku ule Paskazia alijifariji. Labda kweli hakukuwa na visiki. Labda Deus angejaribu huku juu tu, akaondoka.

Jumatano jioni Deus alifika na mashine juu ya toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Alikuwa kijana mtaratibu, amevaa buti na miwani ya kazi. Kabla ya kuwasha, aliwapanga watu. Bibi Wilhelmina alikaa barazani na Mama kando yake. Paskazia aliambiwa asimame kwenye mchungwa wa mwisho.

"Kisu cha hapa chini kinazunguka kasi kuliko feni," Deus alisema. "Kikiokota jiwe, linatoka kama risasi. Mtu asije mbele yangu, wala pembeni karibu."

Alivaa kinga za masikio, akavuta kamba, injini ikanguruma. Kweli ilikuwa mashine. Ilipita mbele ya nyumba na kuacha mstari safi, ikarudi na kuongeza mwingine. Pale kwenye mafiga na nondo Deus aliinama, akaviondoa, akamwonyesha Paskazia dole gumba. Harufu ya nyasi mbichi ilijaa kila mahali. Bibi aliinua kichwa, akavuta pumzi ndefu na kucheka peke yake.

Kisha Deus akaigeuza mashine kuelekea kwenye michikichi.

"Kaka Deus!" Paskazia aliita. Hakusikika. "Kaka Deus!" Injini ilimeza sauti yake yote. Deus alipita kati ya michikichi miwili na kuanza kuteremka.

Paskazia alikumbuka onyo la kutopita mbele. Alivua sweta lake la shule, akakimbia akizunguka mbali kwa upande wa ua mpaka akafika mahali ambapo Deus angeweza kumwona. Akalipunga sweta juu ya kichwa kwa mikono yote miwili. Kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana, Deus hakuinua macho. Halafu akamwona, akaachia kishikio. Injini ikazimika.

"Kuna nini? Kuna mtu ameumia?"

Paskazia alikuwa anahema. Mama Stefania naye alikuwa ameshafika, khanga mkononi.

"Huku chini," Paskazia alisema, "sikufika. Niliandika tu. Na dukani pia nilidanganya."

Deus alivua kinga za masikio, akachukua fimbo na kuingia polepole kwenye nyasi, akipapasa chini. Hakwenda mbali. Hatua tano mbele ya mashine fimbo ilitoa mlio mkavu. Alipozigawanya nyasi, kisiki cha mtiki kilitokeza, kinene, kimefika nusu ya muundi wa mguu. Hatua mbili kutoka hapo kulikuwa na kingine.

"Mitiki ya babu," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Tuliikata tulipoezeka nyumba. Hata mimi nilisahau kama visiki vyake viliachwa."

Deus alijaribu kwenda mbele zaidi, na buti lake likazama kwenye tope hadi juu ya kifundo. Alilivuta kwa nguvu, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada Paska, hela ya mashine ni jambo moja," alisema. "Lakini kisu kikivunjikia hapa, kipande chake kinaruka. Kinaweza kunikata mguu mimi. Kinaweza kufika hata kule barazani."

Paskazia alitazama barazani. Bibi Wilhelmina alikuwa amekaa vilevile, mikono magotini, akigeuza sikio huku na kule kusikiliza kwa nini kumekuwa kimya. Machozi yalimtoka Paskazia. Hakulia kwa kuogopa kuchapwa, bali kwa kuona kilichokaribia kumpata Bibi.

Mama hakumchapa. Alimwambia Deus airudishe mashine na amweleze Nassib ukweli wote bila kuficha jina la mtu. Kisha akamgeukia binti yake. "Kesho ukitoka shule utaanza upya. Netiboli itasubiri."

Iliwachukua wiki mbili. Mama alitangulia na fyekeo, Paskazia akafuata na fimbo, kamba na karatasi mpya. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakomaa. Kila walipokuta kisiki, walichomeka mti mrefu na kuupaka chokaa ili uonekane kwa mbali. Omega alikuja siku mbili kusaidia kubeba miti. Siku ya kwanza aliona aibu, akasema, "Mimi ndiye niliyekuambia uandike nyasi."

"Kalamu nilishika mimi," Paskazia alimjibu, wakaendelea na kazi.

Visiki vilikuwa kumi na vitatu. Tope lilianzia katikati ya eneo na si mtaroni tu.

Waliporudi dukani, Paskazia ndiye aliyeanza kuzungumza. "Shikamoo. Ile karatasi ya kwanza ilikuwa na uongo, na nilipoulizwa nikadanganya tena. Naomba unisamehe."

"Marahaba," Nassib aliitikia. "Deus ana watoto wawili wadogo, unajua? Haya, nimekusamehe. Lete hiyo mpya."

Aliisoma kwa makini kuliko ya kwanza. "Hapa ile ya kati ingezama siku ya kwanza. Chukua hii ya magurudumu makubwa, na hela uliyonilipa kwa ile nitaihesabu humu. Ila, mama, kisu kinene si dawa ya visiki, hakuna mashine yangu inayokata kisiki. Sehemu ile yenye visiki usiipitishe mashine. Panda migomba katikati yake, utakula ndizi."

Akiba haikutosha mara moja. Mama alifanya safari nyingine tatu za Mchombe, ndipo Deus alipokuja tena na toyo. Safari hii alishuka na karatasi mkononi. Aliipitia na Paskazia, wakitembea pamoja mstari kwa mstari, miti ya chokaa ikiwaonyesha wapi pa kukwepa. Mwishoni kulikuwa na maneno aliyoyasoma kwa sauti: "*Nyuma ya choo cha zamani kisichotumika, sikufika. Kuna nyuki.*"

"Ndiyo, kaka. Nilisogea mara mbili, wakanifukuza. Sijui kilichopo pale."

"Basi hapo hatupiti mpaka tujue," Deus alisema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Mashine ilifanya kazi hadi jua lilipoelekea milimani. Magurudumu yalikanyaga tope bila kukwama, na kutoka nyumbani hadi chooni njia ikawa nyeupe, pana kama barabara. Deus alipozima injini ili aongeze petroli, Mama Stefania alimwita binti yake.

"Unaukumbuka mstari wako ule wa nyuki?"

"Ndiyo, mama."

"Kama siku ile ungeniandikia 'sikufika' tu, nisingekukasirikia. Ningejua kuna mahali hatupajui, tukapatafuta pamoja. Pengo kwenye karatasi linaonekana, mtu anaweza kuliziba. Uongo hauonekani. Mtu anauamini, anaukanyaga, na anayeumia anaweza asiwe wewe uliyeuandika." Alimshika mkono, akaugeuza na kutazama sugu za kiganjani. "Kazi ikikushinda, useme imekushinda. Hiyo si aibu. Nilikuona ulipolipunga lile sweta. Ulichelewa, lakini ulisema mwenyewe kabla hatujaumia. Siku nyingine usichelewe."

"Nimesikia, mama."

Deus alivuta kamba, injini ikanguruma, na mashine ikaanza mstari mwingine ikipita mbali na mti wa chokaa.