Milango ya Ndani ya Maji

Hili lilimpata rafiki yangu Arsène, mpiga picha wa Likasi, mwaka ule njaa ilipotawanya watu. Mkewe Henriette alimtuma ng'ambo ya mto Lufira.

"Piga picha ya kijiji yetu, mama aione mbele ya kufa. Nyumba zote tulifunga na kadena, hakuna muntu kule."

Arsène alipiga kijiji chote pamoja na kivuli chake majini. Palikuwa kimya kabisa.

Jioni, akisafisha picha, umeme ulikatika. Gizani akasikia mchi ukitwanga, du, du, ndani ya beseni la dawa.

"Nani anatwanga?" Henriette aliuliza nje ya mlango.

Taa nyekundu ikarudi. Picha ilikuwa imetokea. Ukingoni, milango yote ilikuwa na kufuli. Majini, yote ilikuwa wazi.