Unga Uliogoma Kuumuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Severa alikuwa na kazi ya kufunua chungu. Ndani yake kulikuwa na rojo la vitumbua: unga wa mchele, tui, sukari, iliki na hamira, lililokorogwa jioni iliyotangulia. Rojo likishaumuka, Klara, mama yake mdogo, hukaanga vitumbua na kwenda kuviuza karibu na soko la Kariakoo, ambako wachukuzi wa magunia huvinunua vingali moto.

Asubuhi ile ya mwaka 1956 alifunua chungu akakuta rojo limelala kama maji ya dimbwi. Hakukuwa na povu wala harufu ya chachu. Wiki ile ndipo alipoanza kukoroga yeye, na mara zote mbili rojo lilikuwa limelala.

"Mama mdogo, limelala tena," alisema.

Klara alikuja, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yamemuunguza, ndiyo maana Severa akapewa kazi ya kukoroga. Alichungulia chunguni, akashusha pumzi. Vitumbua visivyoumuka ni vigumu kama soli ya kiatu, na wachukuzi wa Kariakoo hawaoni haya kukuambia hivyo mbele za watu.

Mwenye nyumba, Bi Mwanaidi, alikuwa uani akichambua mchicha. Nyumba yake ilikuwa na wapangaji wa kila kabila, na jambo likitokea katika chumba chochote, yeye hakosi la kusema.

"Nilisema tangu mwanzo," alisema bila kuinua uso. "Huyo mtoto ana mkono wa nuksi. Alipokuwa akikoroga Klara, rojo lilikuwa likifurika. Kaja huyu, limekufa. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Mkono wangu hauna nuksi, Bibi," Severa alijibu.

"Mnasikia anavyojibu watu wazima?"

Klara alikuwa mpole, lakini vitumbua ndivyo vilivyowalisha. "Severa," alisema taratibu, "likiendelea kulala hivi mpaka Jumamosi, sitakuwa na la kufanya. Nitakutafutia nafasi kwenye lori la Lindi, urudi kwa mama yako."

Severa alifunika chungu kwa kishindo. Kijijini kwao hakukuwa na shule ya kati, na kurudi kulikuwa ndio mwisho wa masomo yake. Aliumia sana, na hasira yake ikazidi maumivu. Angeambiwa amekosea, angekubali. Lakini kuambiwa kwamba mkono aliozaliwa nao ndio mbaya, hilo hakulikubali.

"Nitawaonyesha," alisema. Akachukua madaftari yake, akatoka.

Siku hiyo, baada ya somo la sayansi, alimfuata Mwalimu Polycarp akamweleza yote. Alitarajia Mwalimu atamcheka Bi Mwanaidi. Hakumcheka.

"Bi Mwanaidi ametoa dhana," alisema. "Dhana ni kisio la sababu ya jambo, kisio linaloweza kupimwa. Yeye anasema sababu ni mkono. Wewe unasema ni nini?"

"Hamira ya dukani imeharibika."

"Haya. Na hiyo ni dhana, nayo pia haijapimwa. Ukitaka kupima, badilisha jambo moja tu. Mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi lililoleta matokeo."

Severa aliitikia harakaharaka, akakimbia. Jioni alinunua hamira katika duka jingine. Nyumbani mkaa ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alikamua nazi kwa maji ya bomba, akakoroga, akafunika. Asubuhi rojo lilikuwa limepanda hadi likasukuma kifuniko!

Hakungoja hata kunawa uso. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la pembeni mwa mtaa, duka la Bwana Harshad, walikozoea kununua hamira.

"Hamira yako imekufa, Bwana Harshad!" alipaza sauti. "Unatuuzia vitu vibovu!"

Wateja wote waligeuka. Harshad hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mbele ya wateja wake asingenyamaza.

"Binti, hata salamu huna?" alisema. "Hamira hii hii mama yangu kaitumia jana kutengeneza jalebi, na unga umeumuka vizuri." Akachota hamira kidogo kutoka kwenye bati, akaifunga kwenye karatasi. "Chukua, kajaribu tena. Ikigoma, bati zima nitalimwaga barabarani wewe ukitazama. Isipogoma, utarudi hapa useme, kwa sauti hiyo hiyo."

Severa aliondoka amevimba kwa hasira. Hata hivyo zile jalebi za mama yake Harshad zilimsumbua akilini njia nzima.

"Ulibadilisha hamira," alisema Mwalimu Polycarp aliposikia habari hiyo. "Na nini kingine?"

"Hakuna kingine, Mwalimu."

"Hakuna kabisa? Mchele ule ule? Chungu kile kile? Maji yale yale?"

Severa alikumbuka. Maji! Siku zote yeye alikamua nazi kwa maji ya moto yanayotoa mvuke, akibana machicha kwa mwiko ndani ya kifumbu cha kuchujia. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha, kwa sababu maji ya moto hayaachi tui kwenye machicha. Kisha alilimimina tui hilo, lingali moto, juu ya unga na hamira. Mama mdogo hutumia maji ya bomba. Na jana jioni, kwa kukosa mkaa, Severa naye alitumia maji ya bomba.

"Mwalimu," alisema polepole, "ikiwa ni maji, basi ni mimi."

"Huenda. Mkono hauji peke yake, unakuja na mazoea yake. Ulipoingia wewe jikoni, mkono ulibadilika, na maji pia yakabadilika. Bi Mwanaidi ameona mkono tu. Wewe ukaona hamira tu. Sasa vitenganishe."

"Bi Mwanaidi akisikia nimekosea atafurahi sana."

"Unataka kujua ukweli, au unataka kumshinda Bi Mwanaidi?"

Severa alifikiri. "Vyote viwili," alisema, na Mwalimu akacheka.

Jumamosi asubuhi Severa alipanga mabakuli manne uani. Unga ulikuwa mmoja, hamira ilikuwa ile aliyopewa na Harshad, na vipimo vilikuwa sawa. Wapangaji walisogea kutazama.

"Shikamoo, Bibi," alimwambia Bi Mwanaidi. "Naomba ukoroge na wewe. Mimi mabakuli mawili na wewe mawili. Kila mtu atie tui la moto katika bakuli moja, na tui la maji ya bomba katika jingine. Ikiwa sababu ni mkono, yako yote yataumuka na yangu yote yatalala. Hapo nitafunga mzigo wangu mwenyewe. Ikiwa sababu ni maji, yenye tui la moto yatalala, awe amekoroga nani."

"Marahaba. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," alisema Bi Mwanaidi, akipandisha mikono ya gauni. "Lete huo mwiko."

Walikoroga, wakafunika, wakasubiri. Klara alikaa kizingitini, akayatazama mabakuli yale kama mtu anayesubiri hukumu ya mwanawe. Bi Mwanaidi aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, Severa alifunua vifuniko mbele ya watu wote.

Bakuli la Severa la maji ya bomba lilikuwa limejaa povu. La Bi Mwanaidi la maji ya bomba, vilevile. Yale mawili ya tui la moto yalikuwa yamelala, yote mawili.

"Bi Mwanaidi ana nuksi!" mpangaji mmoja alipiga kelele, na uani pote pakalipuka vicheko.

"Hana!" Severa alisema kwa ukali, vicheko vikakatika. "Hana nuksi, na mimi sina. Moto umeiua hamira." Kisha akamgeukia Klara. "Na aliyetia tui la moto ni mimi, Mama mdogo. Kosa ni langu. Ila si la mkono."

Klara alimvuta kwa mkono ule mzima, akamkumbatia. "Kosa linalojulikana linarekebishika," alisema. "Huendi popote, mwanangu."

Severa alikuwa bado na safari moja. Alikwenda dukani, akasubiri wateja wajae, akasema kwa sauti ile ile ya mwanzo: "Shikamoo, Bwana Harshad! Hamira yako ni nzima! Nilikusingizia kabla ya kupima. Nisamehe!" Harshad alitikisa kichwa akitabasamu, akaendelea kupima sukari.

Bi Mwanaidi hakuomba radhi, maana hakuwa na mazoea hayo. Lakini wiki iliyofuata maziwa ya mpangaji mmoja yalikatika, na yule mpangaji akaanza kumnyooshea kidole mtoto wa chumba cha mwisho. Bi Mwanaidi aliweka ungo wake chini.

"Hapa kwangu," alisema, "mtu hahukumiwi kwa mkono wake. Kwanza apewe bakuli."