Nekoye na Neno la Moto

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, Nekoye aliinama na kuangalia chini ya kitanda. Begi lake lilikuwa pale, limefungwa zipu. Ndani mlikuwa na nguo zake zote, sabuni, na viatu vya kanisani. Akitaka blauzi, alifungua begi, akatoa blauzi, akafunga tena.

Nekoye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Muhula wa pili ulikuwa umeanza. Kabati alilopewa bado lilikuwa tupu.

"Wewe Nekoye," Jerop alimwambia akicheka, "wewe ni mwenzetu ama ni mgeni? Hilo kabati litaota uyoga."

Jerop alilala kitanda cha pili katika chumba hicho. Wazazi wake walikuwa wakulima huko Plateau. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye sauti ya juu. Akiwa na ndizi moja, aliikata nusu, akamgawia Nekoye.

"Wacha likae hivyo," Nekoye alijibu. "Nimezoea."

Alikuwa amezoea mambo mengi. Darasani alikaa karibu na mlango. Alilala amevaa soksi na raba. Mtu akigonga mlango kwa nguvu, moyo wake uliruka, na yote aliyokuwa akisoma yakapotea. Kwa hivyo alama zake zilikuwa za chini. Alijiambia, "Mimi ni mjinga tu. Masomo ya chuo yamenishinda."

Siku ya kwanza chuoni, Madam Kavetsa, mwalimu wa saikolojia, aliwaambia wanafunzi wapya hivi: "Mmekuja kusoma jinsi ya kufundisha watoto. Lakini mwaka huu wa kwanza, kila mmoja wenu atajisoma mwenyewe kwanza." Wengine walipiga makofi. Nekoye hakupiga. Aliona kwamba anajijua vya kutosha, na hakupenda alichokijua.

Sasa tuseme ukweli, jamani. Mtu halali na raba bila sababu. Januari ya mwaka 2008, baada ya uchaguzi, Nekoye alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake walipanga chumba kwenye ploti moja, njia ya Soy. Vita vilipozuka, vijana walikuja kuichoma ploti hiyo kwa sababu hawakumtaka mwenye ploti, mtu wa kabila lingine. Nekoye alikuwa ndani, amelala, ana homa kali. Alikumbuka mambo matatu tu. Alikumbuka moshi. Alikumbuka mlango ukipigwa kwa kishindo. Na alikumbuka sauti ikipiga nduru nje: "Maat! Maat!"

Maat ni moto, kwa lugha ya Kikalenjin. Nekoye ni Mbukusu. Neno hilo lilikuwa la kwanza kulijua katika lugha hiyo, na hakutaka kujua lingine.

Alipozinduka, alikuwa kwenye kituo cha polisi, amelala mapajani mwa mama yake. Walienda Bungoma kwa mjomba, wakakaa mwaka mmoja, kisha wakarudi Eldoret, mtaa wa Kimumu. Mama yake, Mildred, alifungua kibanda cha mboga. Nekoye akiuliza habari za siku ile, mama alisema, "Yaliyopita tumeyazika. Chuna mboga." Basi mtoto akachuna mboga, na hofu ikakaa pale pale.

Haya. Ikafika Jumamosi moja mchana. Jumatatu iliyofuata, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipaswa kwenda shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Asiyefika angerudia mwaka. Na kwa mtoto wa muuza mboga, kurudia mwaka ni sawa na kuacha chuo.

Nekoye alikuwa kitandani akitayarisha somo la kusoma la darasa la tatu. Jerop alikuwa dirishani, akiongea na mama yake kwa simu. Aliongea Kikalenjin, kwa sauti ile yake ya juu, huku akicheka. Nekoye hakuwa anasikiliza. Halafu akasikia jina lake. Nekoye. Na baadaye kidogo, maat.

Kalamu yake ilisimama. Akasikia tena, "Nekoye," na tena, "maat." Na Jerop akicheka!

Hakuuliza. Miguu yake haikungoja kuuliza. Alivuta begi chini ya kitanda, akatoka, akapita getini karibu akimbie. Jerop alipogeuka, chumba kilikuwa kitupu. Somo la darasa la tatu lilikuwa limeanguka sakafuni.

Mildred alimkuta binti yake amekaa nyuma ya kibanda, begi mapajani.

"Woi, mwanangu! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mama, sirudi tena."

"Hurudi wapi? Na Jumatatu je?"

"Wataniua, mama. Jerop amesema na mama yake. Wametaja jina langu na moto."

Mildred alishika mafungu ya mboga za sageti, akayapanga, akayapangua, akayapanga tena. Kisha akasema, "Twende nyumbani. Hayo mambo tuliyazika."

Jumapili, baada ya kanisa, mlango wao ulibishwa.

"Hodi! Mama Nekoye, uko?"

Alikuwa Madam Kavetsa. Yeye pia alikaa Kimumu, nyumba chache kutoka hapo, na alinunua mboga kwa Mildred. Huko chuoni, pamoja na kufundisha, aliwashauri wanafunzi wenye shida. Nyuma yake alisimama Jerop, macho mekundu. Nekoye alipomwona, alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Karibuni viti," Mildred alisema, maana mgeni ni mgeni.

"Nekoye," Madam alisema taratibu, "hakuna atakayekugusa. Mlango uko wazi. Ukitaka, kaa hapo karibu nao. Jerop alinipigia simu jana akilia. Hajui amekukosea nini. Mwambie wewe mwenyewe."

Nekoye alikaa karibu na mlango. "Nilikusikia," alimwambia Jerop. "Ulisema Nekoye. Ukasema maat. Ukacheka."

Jerop alishika mdomo. "Aki ya nani! Nekoye! Ulidhani nataka kukuchoma?"

"Ningejuaje?"

"Nilimwambia mama nataka kukuleta nyumbani likizo. Nikamwambia akutengenezee mursik. Si unajua mursik? Maziwa ya kibuyu?"

"Nimesikia."

"Sasa kibuyu kinasafishwa kwa kijinga cha moto, cha mti wetu wa senetwet. Unakisugua ndani, ndiyo maziwa yapate ile harufu tamu. Mama huwa mvivu wa kuwasha huo moto. Nikamwambia, 'Hiki ni kibuyu cha Nekoye, usicheze na moto!' Ndiyo tukacheka."

Halafu Mildred akaangua kicheko, kicheko kilichochanganyika na machozi. "Kumbe mtoto amekimbia maziwa!"

Hata Nekoye alitaka kucheka, lakini alilia. "Mimi ni mwendawazimu, Madam," alisema. "Watu wote wamesahau, mimi tu ndiye nimebaki huko."

"Wewe si mwendawazimu," Madam Kavetsa alisema. "Na wewe si mjinga. Nisikilize. Unajua mbwa wa boma? Mwizi akija mara moja, mbwa huyo hubweka kila akisikia jani likianguka. Je, mbwa ana kichaa?"

"Hapana. Analinda."

"Basi mwili wako ulikulinda. Tangu siku ile umeendelea kulinda, hata mahali pasipo na hatari. Ndiyo maana hulali vizuri. Ndiyo maana unasahau masomo. Akili inayoangalia mlango itasoma saa ngapi? Watu wengi waliopitia vita wako hivyo, watoto na wazee. Si laana, na si udhaifu."

"Inaisha?"

"Inapungua, ukisaidiwa. Hofu ikija, usipigane nayo. Kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Pumua pole pole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Angalia vitu vilivyo mbele yako na uvitaje: dirisha, kikombe, mboga. Jiambie uko wapi, na ni mwaka gani. Kisha muulize mtu unayemwamini, 'Umesema nini?' Kuuliza ni dawa kubwa. Na uje ofisini kwangu kila wiki tuongee. Ukitaka kusema, sema. Hutaki, tutakunywa chai. Tukiona hofu haipungui, nitakupeleka kwa daktari wa mambo hayo."

Jerop alifuta pua. "Madam, hata sisi nyumbani hatuongei. Hiyo Januari tulilala shambani tukiona moshi kila upande. Baba alisema tusiulize." Akamgeukia Nekoye. "Nimekaa na wewe miezi yote hii na sikuwahi kukuuliza kwa nini unalala na viatu. Nilikuwa nakucheka tu. Nisamehe."

"Unisamehe na mimi. Nilikuona adui kwa neno moja."

Hapo ndipo Mildred alipovunja kimya chake. Alikaa chini, akavua leso kichwani.

"Nekoye, nilidhani nikinyamaza utasahau. Kumbe nilikuacha huko ndani peke yako. Sasa sikiliza. Siku ile mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeenda kuchota maji. Unamkumbuka Kogo Sarah?"

Kogo, kwa Kikalenjin, ni nyanya. Nekoye alikumbuka kidogo. Alikuwa mama mzee mwenye shamba la mahindi nyuma ya ploti.

"Yule aliyepiga nduru, maat, maat, alikuwa yeye," Mildred alisema. "Hakuwa anatisha mtu. Alikuwa anakuita utoke, mwanangu. Wewe hukutoka, kwa sababu ya homa. Ndipo akaupiga ule mlango kwa gogo mpaka ukavunjika. Akakubeba mgongoni hadi kwenye ghala lake. Nilikukuta huko, umefunikwa magunia."

Miaka sita Nekoye alikuwa ameikimbia sauti hiyo. Miaka sita!

"Mbona hukuniambia?"

"Aibu. Polisi walikuja na lori, nikakuchukua, nikaondoka. Sikumwambia hata asante. Kila siku nikipita njia ya Soy, roho inaniuma."

Jumatatu asubuhi, Nekoye alisimama mbele ya darasa la tatu. Katikati ya somo, upepo ulifunga mlango kwa kishindo. Moyo ukaruka, kama kawaida yake. Nekoye alikanyaga sakafu. Akapumua. Kimoyomoyo akataja: ubao, dirisha, mtoto mwenye sweta ya kijani. Kisha akaenda, akaufungua mlango na kuweka jiwe ulipokuwa unagonga.

"Upepo umetushtua, sivyo?" aliwauliza watoto.

"Ndiyo, mwalimu!"

Msichana mmoja wa nyuma alikuwa ameziba masikio, na hakuwa anacheka na wenzake. Wengine hawakumwona. Nekoye alimwona mara moja. Alienda akasimama karibu naye, akaendelea kusoma kutoka hapo, pole pole, mpaka mikono ya mtoto ikashuka. Siku hiyo alijifunza jambo juu ya nafsi yake: jicho lile lililokaa miaka yote likitafuta hatari, linaweza pia kumwona mtoto mwenye hofu.

Jioni alifungua begi. Alitundika blauzi zote kabatini. Jerop alipiga vigelegele hadi vyumba vya jirani vikauliza nani anaolewa. Raba aliendelea kuzivaa kwa wiki kadhaa zaidi, na Madam Kavetsa akasema hakuna haraka. Alama za muhula ule zilipanda. Si za juu sana, lakini zilikuwa zake.

Likizo ya Aprili ilipofika, watatu walienda njia ya Soy: Nekoye, Mildred, na Jerop aliyesema lazima awe mkalimani. Mildred alibeba kuku jogoo chini ya kwapa, kwa sababu Mbukusu hawezi kushukuru mikono mitupu. Mahindi yalikuwa yanaanza kuchipua.

Kogo Sarah alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amezeeka, na mgongo ulikuwa umepinda. Mildred alipiga magoti, akamwekea jogoo miguuni. Jerop akaanza kueleza. Mzee alimkatiza kwa mkono, akamtazama Nekoye toka juu hadi chini.

"Ni huyu?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ulikuwa mzito, wewe! Huu mgongo ni wewe uliuharibu."

Wote walicheka. Nekoye alimkumbatia, akasema neno alilofundishwa na Jerop njia nzima. "Kongoi, Kogo." Yaani, asante, nyanya. "Kongoi. Kongoi sana."

"Nilikuwa nauliza Mungu kila mara kama ulipona," Kogo alisema. Machozi yake yalifuata mikunjo ya uso, na hakuyafuta.

Aliingia jikoni kupika chai. Walimsikia akihangaika na sufuria. Kisha sauti yake ikatoka kwa nguvu, ile ile ya siku ile:

"Maat! Maat!"

Moto ulikuwa unazimika. Moyo wa Nekoye uliruka. Jerop alinyoosha mkono kumshika, lakini Nekoye alikuwa ameshasimama. Safari hii miguu yake haikwenda getini. Aliingia jikoni, akapiga magoti karibu na mafiga, akapuliza makaa hadi moto ukawaka.