Mahindi ya Uwanjani

Ndugu zangu wa Mkata, nani kati yetu amezisahau jioni za uwanja wa shule? Kengele ya mwisho ikilia, madaftari tuliyatupa pembeni, wasichana wakaanza rede, wavulana wakagombea mpira wa makaratasi. Mama zetu walitukemea kwa ajili ya sare, lakini usiku tulilala fofofo. Nikikumbuka, moyo unaniuma.

Kwenye uwanja huohuo alichezea Yuditha, binti wa darasa la tano, mtoto wa Hiza, mkulima tunayemjua sote kwa bidii na kwa ubishi. Akiingia katikati ya rede, mpira wa soksi ukirushwa huku na huku, Yuditha alijaza chupa mchanga bila kuguswa. Mbio nazo, hakuna aliyemfikia.

Masika ya mwaka jana yalipokaribia, wazazi tuliitwa kwenye kikao cha chakula cha watoto shuleni. Hiza akasimama.

"Uwanja mzima umelala bure! Tuulime, tupande mahindi. Mtoto hashibi rede!"

Watu wakacheka. Mwalimu wa michezo, Zaidi, akaomba neno.

"Shikamoo mzee Hiza. Ugali mtoto anauhitaji, na kukimbia anakuhitaji. Sasa watachezea wapi?"

"Wakacheze na vitabu, mwalimu."

Kikao kizima kikapiga makofi, na trekta likaitwa. Mahindi yalistawi kweli, na Hiza hakupita njia ile bila kusimama kuyatazama. Ila mtoto ni mtoto. Wakahamishia michezo yao ukingoni mwa barabara kuu, pale yanaposimama mabasi.

Jioni moja mpira ukavuka lami, Yuditha akaufuata. Pikipiki iliyokuwa ikikwepa basi ikamgonga na kumvunja mguu.

Hospitalini, mkewe Hiza, Upendo, alisema huku analia, "Baba Yuditha, miaka yote mwanao amecheza pale shuleni, hata kuteguka hajawahi. Barabarani tumempeleka sisi."



Plasta ya mguu ilipotolewa, daktari alimwambia Hiza, "Kutembea atatembea. Kukimbia kutategemea mazoezi ya kila siku, mahali tambarare, mbali na magari."

Mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu, uwanja wa shule. Kesho yake asubuhi Hiza aliingia uwanjani na panga, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yametoa mbelewele, akaanza kuyafyeka. Mwalimu Zaidi akaja mbio.

"Mzee wangu, si usubiri tuvune?"

"Mwalimu, nimelima tangu utoto, uchungu wa mahindi naujua. Lakini mguu wa mwanangu hausubiri mavuno."

Tulikuja na majembe, tukasawazisha matuta. Jioni Yuditha akaletwa na magongo yake, akavuka uwanja ameshikwa na baba yake, meno ameyauma kwa maumivu.

Sasa magongo ameyaacha. Anachechemea, na kila jioni anajaribu kukimbia. Wenzake humsubiri.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mwili wa mtoto hujengwa kwa chakula na kwa mchezo pia. Ukimnyima uwanja hutamzuia kucheza. Atakwenda kuchezea penye hatari. Tuvilinde viwanja vya shule, tuviheshimu vipindi vya michezo, na jioni tutoke tukacheze na watoto wetu, hata magoti yakilalamika.