Vitambaa vya Kalume

Kache alikuwa katikati ya kupinda sketi ya sare ya shule, mguu ukienda na kurudi juu ya kikanyagio cha cherehani, mtu aliposimama mlangoni akamzibia mwanga. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo soko la Malindi hujaa hata wauza nazi hupanga mafungu yao njiani, na tuktuk zikabaki nyuma yao zikipiga honi bila kusikilizwa.

"Hodi, fundi. Nimeambiwa hapa ndipo kwenye cherehani isiyokataa kitu."

"Karibu. Ila sogea, umenizibia jua."

Alisogea. Alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limenyooshwa kwa pasi, ndala zimejaa mchanga. Begani alibeba furushi la nailoni ya rangi ya chungwa.

"Ni tiara hii," alisema. "Zile ambazo wageni hujifunga nazo kule Mambrui, zikawavuta juu ya maji. Imepasuka ubavu. Naitwa Owen, kwetu Kilifi. Kazi yangu ni kuzitengeneza, lakini cherehani yangu imekufa."

Mwanatumu, aliyeuza leso duka la pili, alichungulia na buibui lake begani. "Kache mwanangu, wateja wako wa leo wana mabawa."

Kache alishona ule mpasuko mara mbili. Alipomaliza, Owen alitandaza tiara sakafuni akaanza kuikunja. Alianzia katikati, akausukuma upepo nje kwa mkono mzima mpaka kiwiko, akalinganisha kingo, akaukagua mkunjo kabla ya kwenda kwenye mwingine.

Kache aliacha alichokuwa akifanya. Alikuwa amemwona mtu mmoja tu akikunja nguo vile: ndugu yake Kalume, akija likizo, akizikunja leso za mama yao huku wakimcheka. Picha ya Kalume ilitundikwa juu ya cherehani, bereti nyekundu iliyokolea, beji ya mabawa kifuani, meno yote nje. Kila aliyeingia dukani aliuliza, "Nani huyu?" Owen aliitazama mara moja, kisha akageuka akatazama barabara.

"Umejifunza wapi kukunja hivyo?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Kazi ya kukunja."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Kache kiliisha mapema.

"Huyo ni ndugu yangu," alisema, ingawa hakuulizwa. "Askari wa miavuli. Aliuawa vitani ng'ambo ya mpaka, miaka sita sasa. Baada ya mazishi alikuja mtu kwa baba, kijijini Ganda, akasema walikuwa pamoja siku ile. Akala, akasimulia maneno ya mwisho ya marehemu, akaondoka na mbuzi wa baba. Simu yake haikushika tena. Kwa hivyo anayekuja na jina la Kalume mdomoni, mimi simwamini."

Owen alifungua mdomo, akaufunga. "Una haki," alisema. "Pole sana."

Tangu siku hiyo tiara za Mambrui zilipasuka sana.

"Ama upepo wa huko una hasira," Mwanatumu alisema, "ama kuna mtu ana mkasi."

Owen alikuja na tiara, baadaye akaja na viazi vya karai, mwisho akaja mikono mitupu na hakuna aliyeuliza kilichomleta. Jioni alipiga simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula upepo."

"Upepo haushibishi."

"Ndiyo maana nimepiga simu."

Kache alimpenda, na alijua anampenda. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukata kitambaa kabla ya kupima. Aliona kwamba Owen alipokaa dukani aligeuza kiti, picha ya Kalume ikabaki mgongoni kwake. Aliona kwamba hadithi zake zote zilianzia Mambrui.

"Na kabla ya Mambrui ulikuwa wapi?"

"Bara."

"Bara ni kubwa, Owen."

"Ni kubwa kweli. Ndiyo nikarudi."

Mwanatumu alikuwa na jawabu lake. "Ana mke. Mwanamume asiye na jana, ana mke."

Kache hakukubali wala hakukataa. Aliliweka neno hilo kando, kama kitambaa ambacho mwenyewe hajaleta vipimo.

Ndipo baba yake, mzee Garama, alipopiga simu kutoka Ganda. Kalume alikuwa amemjia ndotoni. Alisimama mlangoni amejikunyata, akasema anaona baridi. Mzee hakutaka mashauri zaidi. Jumapili angemsimamishia mwanawe koma, kile kigingi cha mti kinachochongwa ili marehemu awe na mahali pake nyumbani, na Kache alete vitambaa vya kumvika: bafta nyeupe, ile nyekundu iitwayo bendera, na kaniki nyeusi.

Jioni alimweleza Owen simuni. "Anaona baridi, ati. Miaka sita, ndiyo kwanza anasema."

Upepo wa Mambrui ulivuma ndani ya simu. Kisha Owen akasema taratibu, kama anayejisemea, "Kalume na baridi. Alikuwa akilala na sweta mbili."

"Umesema nini?"

"Nimesema..." Owen alianza.

"Sweta hizo nilimnunulia mimi, hapa sokoni, zamu yake ya kwanza kwenda bara. Nani alikwambia?"

"Kache, mpenzi, ngoja nije nikueleze."

"Usije. Baba amebakiwa na mbuzi mmoja."

Alikata simu. Ilipolia tena aliiacha ilie. Alijilaza akayapanga yote: mkunjo wa nailoni, kiti kilichogeuzwa, bara isiyo na jina. Yote yalielekea upande mmoja. Mtu huyu alimjua Kalume tangu siku ya kwanza, akanyamaza, akamsoma dada yake kidogokidogo. Yule wa mbuzi alikaa nusu siku tu. Huyu alikuwa na subira, na mwenye subira huondoka na kikubwa.

"Heri angekuwa na mke," Mwanatumu alisema alipoambiwa, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha.

Jumamosi alasiri Owen alikuja. Alivaa suruali ndefu na viatu vya kamba, kama mtu anayekwenda kuhojiwa. Hakuvuka kizingiti. Kache alikuwa ameshamaliza bafta, na bendera ilikuwa chini ya sindano.

"Hodi."

Kache hakuitikia. "Alikufaje?" aliuliza, macho yakiwa kwenye pindo.

"Sijui."

"Alisema nini mwisho?"

"Sijui, Kache. Sikuwapo. Mimi sikuvuka mpaka hata siku moja. Nilikuwa mkunja miavuli kambini. Wao wakiruka, mimi nabaki chini nikitazama juu mpaka yote ifunguke. Kule walikwenda kwa miguu na magari, miavuli ikabaki rafuni kwangu. Habari yake tuliambiwa kwenye gwaride, basi."

Kache alikuwa amejiandaa kwa hadithi tamu. Usiku wote alikuwa akiinolea visu. Sasa hakukuwa na cha kukata.

"Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ukasema anayekuja na jina lake humwamini. Nikaona nikisema, nimekuwa mtu wa mbuzi. Nikangoja unijue kwanza. Na kila nilivyongoja, ikawa ngumu zaidi."

"Habari za sweta mtu anaweza kuziokota popote. Nipe kitu ambacho hakiuzwi."

Nje, muuza maji ya madafu aligombana na tuktuk, wakapatana.

"Kila Jumapili Kalume alikuwa akiazima simu yangu," Owen alisema hatimaye. "Anapiga kwao, utamsikia: 'Mwanangu, hujambo? Umekula? Usinywe mnazi mwingi, mwanangu.' Sisi tukadhani ana mtoto, tena mlevi. Tulimcheka mwezi mzima. Kumbe anazungumza na baba yake."

Cherehani ilinyamaza.

Kalume alikuwa kifungua mimba, akapewa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi ya Wagiriama. Kwa hivyo mzee Garama alimwita "Baba" tangu akinyonya, naye Kalume, tangu alipojua kusema, alimjibu "Mwanangu." Ulikuwa mchezo wa nyumbani. Haukuwahi kutoka nje ya ua.

Kache alichukua simu, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vitambaa vimekwisha?"

"Bado. Baba, hapa kuna mtu aliyekuwa na Kalume kambini."

Mzee alikohoa. "Ana maneno ya mwisho?"

"Hana. Anasema hakuwapo. Lakini alimsikia akikupigia simu, akikukataza mnazi. Akikuita mwanangu."

Mzee alipojibu, sauti yake ilikuwa imelowa.

"Yule wa mbuzi aliniambia mwanangu alikufa akiita 'Baba, baba.' Nikajua palepale ni mwongo."

"Ulijua? Na mbuzi ukampa?"

"Alikaa nami tangu asubuhi mpaka adhuhuri akimtaja Kalume. Nyinyi wengine mlikuwa mkipita mbali na jina lake msije mkaniliza. Mbuzi alikuwa haki yake." Akashusha pumzi. "Huyo wako, ni mtu tu au ni mtu wako?"

Kache alimtazama Owen, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nadhani ni wangu, baba."

"Basi mlete kesho. Na mwambie asije mikono mitupu. Zizi langu lina pengo la mbuzi mmoja."

Simu ilikatika. Mwanatumu, nyuma ya leso zake, alijifanya anakohoa.

"Karibu ndani," Kache alisema. "Umenizibia jua tena."

Owen aliingia. Safari hii alikiweka kiti kikielekea ukutani, akaitazama picha kwa nafasi yake.

"Kambini kulikuwa na sharti," alisema. "Mkunja mwavuli anaweza kuitwa siku yoyote, aambiwe: ruka na huu uliokunja mwenyewe. Ndiyo maana tulikunja polepole."

"Uliitwa?"

"Mara moja. Nililia tangu juu mpaka chini, Kalume ndiye aliyenifuta mchanga." Akageuka. "Kache, nataka nikuoe. Hilo nimelikunja miezi mingi. Uniite siku yoyote."

"Na ukilia?"

"Nitalia."

Kache alicheka, akampa bafta aikunje. Akaikunja kwa kuanzia katikati, akisukuma upepo nje, kisha bendera ilipotoka kwenye sindano akaikunja vilevile, akaiweka juu. Ilibaki kaniki. Kache aliitia chini ya sindano, akashona upande mmoja, akafika kwenye kona. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umeshapungua, na kwenye kitambaa cheusi uzi mweusi hauonekani.

"Tumalize?" Owen aliuliza. "Naweza kuwasha taa ya simu."

"Hapana. Ya Kalume siishoni kwa kubahatisha. Njoo asubuhi, nitaimalizia ukiwapo, ndipo twende."

Hakuukata uzi. Aliiacha kaniki palepale, sindano imezama kwenye kona, akaifunika cherehani kwa leso.